Wingu na kichaka ni picha moja

Simu iliita Jumamosi jioni. Kaka mtu alikuwa na hasira: "Dada, mwanao kamwibia mwanangu gemu." Mama akamgeukia binti yake wa miaka 12, aliyejikunyata kwenye kochi na kompyuta mapajani.

Kweli, lilikuwa lile lile. Paka yule yule anaruka mashimo. Kilichobadilika ni rangi ya anga, na hatua mbili mpya zimeongezwa. Watoto wote wawili hutumia Scratch, programu iliyotoka MIT, Marekani, mwaka 2007, inayoruhusu kuchukua kazi ya mwenzako na kuiendeleza. Ukiichukua kwa njia hiyo, jina la aliyetangulia hujiandika lenyewe. Binti alikuwa amejenga upya kipande kwa kipande, na jina la binamu halikuonekana popote.

"Mwizi," mama akasema. Neno lilimtoka haraka, kama linavyotoka kwa wazazi wengi.

Binti hakulia. Alimwonyesha mama Super Mario Bros. ya mwaka 1985: wingu la juu na kichaka cha chini ni picha moja, imebadilishwa rangi tu. Gemu zima lilipaswa kuenea katika kilobaiti 40, pungufu ya picha moja ya simu. Na Majora's Mask ya mwaka 2000 ilitumia tena sura nyingi za wahusika wa Ocarina of Time ya 1998.

"Hao walikata kitambaa chao wenyewe," mama akajibu. "Wewe umekata cha binamu yako."

Usiku, akicheza 2048 kama kawaida yake, akataka kujua imetoka wapi. Kijana wa miaka 19, Gabriele Cirulli, aliitengeneza Machi 2014 kwa siku za mwisho wa wiki. Ilifuata gemu jingine, 1024, lililofanana na Threes, ambalo lilikuwa limetoka mwezi mmoja tu kabla. Waundaji wa Threes walilihangaikia kwa zaidi ya mwaka, na liliuzwa. 2048 ilikuwa bure. Cirulli hakuficha, aliyataja yote mawili kwenye ukurasa wake. Waliotangulia waliumia hata hivyo. Mama hakuwahi kuilipia Threes hata senti.

Asubuhi hakulirudia lile neno. Aliketi na binti, wakaandika jina la binamu kwenye skrini ya kwanza, juu ya la kwake. Ujumbe wa kuomba radhi binti aliufuta mara tatu kabla ya kuutuma.

Jibu lilikuja Jumatatu: "Hatua ya pili umeifanyaje?"