Msonobari Juu ya Mkate

Tulifika Joensuu, mji mkuu wa Karelia ya Kaskazini huko mashariki mwa Ufini, tukiwa akina mama wanne, wageni wa usharika rafiki. Kila upande ni misonobari. Mwenyeji wetu, muuguzi mstaafu, alitukaribisha mezani kwa mkate mweusi na kopo la margarini.

Alitusimulia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 wanaume wa mkoa huu walikufa kwa ugonjwa wa moyo kuliko karibu wanaume wote duniani, wengi wakiacha watoto wadogo. Siagi nyingi, nyama ya mafuta na sigara vilichangia. Mwaka 1972 ulianzishwa mradi wa afya ulioongozwa na Daktari Pekka Puska. Akina mama wa chama cha Martha nao wakashika mwiko: walikusanyika vijijini jioni, wakafundishana kupika mboga na kupunguza mafuta na chumvi. Katika miaka 40 hivi, vifo hivyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Na margarini ile? Iliingia madukani mwaka 1995 ikiwa na stanoli, kitu kilichotokana na mafuta ya misonobari. Stanoli hufanana na kolesteroli, hivyo huizuia isipenye kwa wingi kutoka utumboni kwenda kwenye damu. Gramu 2 kwa siku, pamoja na chakula, hupunguza kolesteroli mbaya kwa asilimia 10 hivi.

Mwenzetu mmoja, ambaye mumewe anameza vidonge vya kolesteroli, alidakia: "Basi nikimpelekea makopo ya kutosha, ataacha vidonge!"

Mwenyeji wetu aliweka kikombe chini. Hapana, alisema, mume wake mwenyewe anatumia vyote viwili, na vidonge haachi bila daktari. Akaongeza kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo hawashauriwi kuila.

Mwenzetu alinyamaza kitambo, kisha akafungua daftari akaandika.

Hatukurudi na makopo. Karanga, ufuta na maharage yetu yana vitu vya jamii hiyo, ingawa kidogo tu. Tulichobeba ni mwiko wa akina Martha: sasa tunakutana jioni moja kila mwezi, tunapika pamoja bila mafuta mengi. Na yule baba bado anameza vidonge vyake, mkewe akimkumbusha.