Mwanagenzi Akikosea, Kocha Yuko Wapi?

Je, umewahi kumwona mtu akizomewa na maelfu kwa kosa ambalo si lake peke yake? Mimi nimemwona, tena kwenye runinga, nikiwa nimeketi sebuleni kwa shemeji yangu mtaani Buruburu, kikombe cha chai mkononi.

Shemeji alisomea Marekani, akarudi na shahada moja na ugonjwa mmoja: kandanda ya Wamarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Jumapili ikifika saa tatu usiku, hakuna anayeruhusiwa kugusa runinga nyumbani humo. Mwanzoni nilidhani ni vita tu vya watu wanene. La hasha! Shemeji alinieleza kuwa roho ya timu ni mchezaji aitwaye kwotabeki. Mwenzake aliyeinama mbele yake humpa mpira kupitia katikati ya miguu, na kutoka hapo ana sekunde tatu hivi za kuamua amtupie nani, huku majitu ya kilo mia na zaidi yakimjia mbio kumwangusha. Sasa fikiria wewe una miaka 21 na umetoka chuo kikuu juzi.

Kijana aliyenigusa moyo ni Trevor Lawrence. Mwaka 2021 klabu ya Jacksonville Jaguars ilimchagua wa kwanza kabisa miongoni mwa chipukizi wote walioingia ligi ya NFL, na mashabiki wakasema mkombozi kafika. Msimu huo alitupa pasi 12 za tachidauni, yaani zilizofika mwisho wa uwanja na kuleta pointi, lakini pasi 17 zikanaswa na wapinzani. Minong'ono ikaanza kuwa kijana hafai. Lakini nani alikuwa akimfunza? Kocha wake, Urban Meyer, alikuwa bingwa wa timu za vyuo vikuu, ila hakuwa amewahi kuwa kocha katika ligi hiyo ya kulipwa hata siku moja. Alifutwa kazi Desemba mwaka huo huo, timu ikiwa imeshinda michezo 2 kati ya 13.

Mwaka 2022 akaja Doug Pederson, ambaye enzi zake alikuwa kwotabeki mwenyewe. Kijana yule yule, mkono ule ule: tachidauni 25, pasi zilizonaswa 8. Kisha Januari 2023, katika mchezo wa mtoano dhidi ya Los Angeles Chargers, Lawrence alitupa pasi 4 mikononi mwa adui kabla ya mapumziko. Jaguars wakawa nyuma 27-0. Ningekuwa mimi kocha, ningemkalisha benchi ajifunze adabu. Pederson hakumtoa. Jaguars walishinda 31-30.

Shemeji, ambaye hapendi nimalize hoja bila yeye kuipinga, aliniambia nisiwabebeshe makocha kila kitu. Mwaka 1998, alisema, Peyton Manning na Ryan Leaf waliingia ligini pamoja, mmoja akichaguliwa wa kwanza na mwingine wa pili. Pasi 28 za Manning zilinaswa, na Indianapolis Colts wakashinda michezo 3 tu kati ya 16. Leaf naye, kule San Diego, zilinaswa 15 kwa tachidauni 2. Mwaka uliofuata Manning na wenzake walishinda michezo 13. Leaf hakuinuka tena. Haya basi, kijana naye ana lake. Lakini hata hapo nikamwonyesha shemeji jambo: Manning aliachwa acheze michezo yote 16, makosa na yote, chini ya kocha mmoja, ilhali kocha wa Leaf alifutwa baada ya michezo 6. Shemeji alinyamaza, jambo ambalo ni adimu kwake.

Sasa nikwambie kilichoninyima usingizi usiku ule. Miaka kadhaa iliyopita, katika gazeti moja nililofanyia kazi, nilikabidhiwa mwanagenzi aliyekuwa ametoka tu chuoni. Nilimtuma kwa familia iliyofiwa bila kumweleza aulize nini, wala kumkumbusha kwamba majina huandikwa mbele ya mwenyewe kisha akasomewa tena. Nilikuwa na haraka zangu. Makala aliyoleta niliyasoma nikiwa nimesimama, nikayapitisha. Asubuhi mjane alipiga simu akilia: tulikuwa tumemwandika shemejiye, aliye hai, kuwa ndiye marehemu.

"Nani kafanya upuzi huu?" mhariri alifoka.

Mimi nilinyoosha kidole. Kijana aliniangalia, asiseme neno. Kufikia mwisho wa wiki hakuwepo tena. Mshahara wangu haukukatwa hata senti.

Juzi nilitafuta namba yake kwenye daftari kuukuu, nikampigia. Siku hizi anauza vifuniko vya simu mjini. Akaniita "mkubwa", kama zamani. Nikamwuliza hali, akasema ni mzima, watoto pia. Nikamwuliza biashara, akasema si mbaya. Kisha tukanyamaza wote wawili, na salio langu likaisha kabla sijasema nililompigia kusema.