Mtoto wa Kobe

Nyuma ya mashamba yetu ya mtama pale Mkonze kulikuwa na kilima cha mawe makubwa, na ndani ya nyufa za mawe hayo waliishi kobe ambao watu wa kwingine hawawajui. Kobe huyu si yule wa hadithi aliyemshinda sungura. Gamba lake ni bapa kama chapati, tena hubonyea ukilifinya, kwa sababu mifupa iliyo chini yake ina uwazi mwingi. Akiona hatari hajikunyati. Hukimbia, na akishafika kwenye ufa hujikaza humo kwa kucha zake hata kumtoa ni kazi kubwa.

Sisi tuliiweza kazi hiyo. Mwaka 1979, nikiwa darasa la tano, alikuwa akija bwana mmoja mwenye baiskeli na gunia, akinunua kobe kwa watoto. Tulichukua waya, tukaukunja ncha, tukawakokota kutoka mawe­ni mmoja mmoja. Walikwenda wapi hatukuuliza. Tuliambiwa Ulaya, nasi tukacheka kwamba Wazungu wamekosa mboga.

Siku moja nilimpata mtoto, mdogo kuliko kiganja changu, mwenye rangi ya manjano iliyokolea. Yule bwana alimkataa, akasema atafia njiani. Nikamfuga. Nilimweka katika ndoo kuukuu chini ya kitanda, kwa kuogopa paka na kunguru, nikawa nampa ugali na majani ya kabichi. Alikula kidogo, akalala sana. Mimi niliona ametulia. Bibi yangu alipomwona alisema, "Mjukuu wangu, huyo anakufa." Nikambishia, maana kobe hakuwa akilia wala kuhangaika. Ilichukua karibu miezi miwili. Mbuzi akiumwa nyumba nzima haipati usingizi, lakini huyu alikufa chini ya kitanda changu nami nimelala juu yake.

Ndugu msomaji, nisingelikumbuka jambo hili kama nisingeingia katika duka moja la wanyama huko Ohio, Marekani, mwaka 1991. Nilikuwa mwanafunzi, na nje kulikuwa na theluji. Niliingia kutafuta joto tu. Kwenye sanduku la kioo karibu na dirisha niliwakuta watoto wanne wa kobe, na mmoja alikuwa wa kwetu. Nilimtambua kabla ya kusoma kibandiko. Kiliandikwa dola 60, na chini yake maneno madogo: kwa ajili ya elimu.

Sababu ya maneno hayo niliielewa baadaye. Tangu mwaka 1975 sheria ya Marekani inakataza kuuza kobe au kasa mwenye gamba lisilofikia inchi 4, yaani kama sentimita 10, isipokuwa kwa masomo, utafiti au maonyesho. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, nikidhani kuna mtu aliyewahurumia. Kumbe ilitungwa kwa ajili ya watoto wa watu, waliokuwa wakiugua salmonela baada ya kuwashika na kuwatia mdomoni. Kobe mwenyewe hakuwa hoja. Kwa hiyo kibandiko kidogo kilitosha kuupita mlango.

Nilisimama pale muda mrefu. Sahani ya maji ilikuwa kavu. Chakula kilikuwa saladi iliyonyauka, ambayo ina maji mengi na madini ya chokaa machache. Walikuwa wameelekezewa taa ya kawaida, na jua la baridi lilipita kwenye kioo. Mtu angeona wameota jua. Lakini mtoto wa kobe anahitaji ile miale ya jua isiyoonekana, ambayo humwezesha kutengeneza vitamini D na kutumia chokaa kujenga mfupa, na kioo cha dirisha huizuia karibu yote. Bila hiyo gamba hulainika, miguu hupinda, taya hushindwa kutafuna. Kwa kobe wa kwetu ni balaa zaidi, kwa sababu yeye ni laini tangu kuzaliwa. Nani dukani atajua ulaini upi ni wa asili na upi ni ugonjwa?

Nilimwambia muuzaji, kijana mpole kabisa, kwamba wale wana kiu. Akajibu kwamba wametoka nchi kavu, wamezoea. "Hawana taabu hawa," akasema. "Huwasikii." Sikuwa na la kumjibu. Ndoo yangu haikuwa na hata dirisha.

Dola 60 nilikuwa nazo. Nikapiga hesabu: nikimnunua, nitamweka wapi katika chumba cha bweni? Na mwenye duka si ataagiza mwingine, naye atolewe maweni kwa waya? Kobe jike wa aina hii hutaga yai moja kwa wakati. Nikatoka mikono mitupu. Hesabu ile ilikuwa sahihi, na bado naiona kuwa sahihi, ila hainipi raha. Niliporudi baada ya wiki mbili sanduku lilikuwa na watatu, na kijana hakukumbuka kama yule wa nne aliuzwa.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Machi 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mkutano wa CITES wa Agosti 2019 huko Geneva ulimpandisha kobe huyu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya waliotolewa porini hairuhusiwi. Na Dodoma nayo imekuwa jiji; sehemu ya kilima chetu imepasuliwa kuwa kokoto.

Mwaka jana nilikuta mtoto wa dada yangu amemshika mmoja, mdogo vilevile. Alikuwa amemtafutia boksi. Nikamwomba tumrudishe, tukapanda pamoja hadi kwenye mawe yaliyobaki. Tulipomweka mbele ya ufa aliingia mbio, tukasikia gamba likikwaruza jiwe.

"Mjomba," akaniuliza, "wewe ulijuaje kwamba wanakaa humu?"

Nikamweleza habari za waya.