Jini na Makonyo

Kijana mmoja wa hapa Mkoani aliniambia kuwa kujua habari za jini, ule mvinyo mkali wa Ulaya, ni haramu kama kuinywa. Sikubaliani naye. Mimi sinywi, wala sitakunywa. Lakini ujuzi wa kukeneka si mgeni kisiwani Pemba. Katika kiwanda cha Wawi makonyo ya karafuu hupitishiwa mvuke, na mvuke ukipozwa hutoa mafuta yenye thamani. Kwa ujuzi uo huo Waholanzi walikeneka pombe ya nafaka pamoja na matunda ya mreteni, wakaiita jenever kwa jina la mti huo, Waingereza wakalifupisha. Ya Uholanzi huwa na ladha ya nafaka, ya London ni kavu, na iitwayo Old Tom ina utamu. Ulevi uliitesa London hata Bunge likatunga sheria ya 1751 kuuzuia. Uganda nayo iliwataka wakenekaji wa waragi wawe na leseni mwaka 1965. Moto na mvuke ni vile vile: hapa hutoka dawa ya jino, kule hutoka kileo. Asiyeijua njia ya hatari atamwonyaje mwanawe apitaye kando yake?