Sahihi ya Saa Nane Usiku



Leo natubu mbele yako. Miaka kadhaa iliyopita, ndugu mmoja wa kanisa letu hapa Kibuye alinipigia simu saa nane usiku. Mkewe alikuwa amejifungua. Mtoto hakuishi, na damu ya mama ilikataa kukatika. Alikuwa amedungwa dawa, amekandwa tumbo, ameongezwa damu, bado. Daktari akasema mfuko wa uzazi utolewe. "Pasta, tukubali?"

Nikamwambia, "Subirini, tuombe kwanza."

Nikakemea kile kisu robo saa nzima. Sista mmoja akaichukua simu: "Pasta, ombea mkono wa daktari. Huyu mama anaisha."

Sahihi ikatiwa. Dada yetu yuko hai. Kibofu kilijeruhiwa, akatembea na mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa, lakini yuko hai.

Mpendwa, elewa. Mfuko ukikosa kukaza, ukipasuka, au kondo likijishika kwenye kovu la upasuaji wa zamani, mama anaweza kufa kwa muda mfupi sana. Kuutoa ndio mlango wa mwisho. Hatabeba mimba tena, hedhi itakoma. Lakini mara nyingi ovari huachwa, na yeye hubaki mwanamke kamili.

Pia si lazima tufike huko. Mwaka 2023, utafiti katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha kwamba kupima damu mapema na kutoa matibabu yote kwa pamoja kulipunguza hatari ya kuvuja damu kupita kiasi kwa asilimia 60. Dakika zina thamani. Mimi nilipoteza kumi na tano.

Kisha nikamwumiza tena. Jumapili ya akina mama nilisema, "Mama wote wasimame." Yeye akabaki ameketi, na nyuma yake mtu akanong'ona, "Lur."

Soma Marko 5. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, Yesu hakumwuliza ana watoto wangapi. Alimwita Binti.

Kwa hivyo, mume, usimzuie mkeo kutibiwa ukingoja simu ya pasta. Mama mkwe, usimletee mwanao mke mwingine. Nawe unayesoma, kabla ya kuandika Amina hapa chini, nenda ukatoe damu. Kuna dada anaihitaji usiku wa leo.

Ubarikiwe.