Wewe ni wa Nani?

Vijijini kwetu mgeni haulizwi jina tu. Mzee atamtazama kwanza, kisha aulize, "Wewe ni wa nani?" Akishaujua ukoo, ndipo anajua amkaribishe vipi. Prosesa nazo huulizwa hivyohivyo. Kuna amri iitwayo CPUID. Programu ikiitoa, prosesa hujibu kwa herufi 12 za mtengenezaji wake: GenuineIntel, au AuthenticAMD. Wote wawili wanaapa kuwa ni halisi, kama wauza asali wa kando ya barabara. Swali la pili huleta namba ya ukoo, ya modeli na ya toleo.

Majibu hayo yana kazi. Ndani ya prosesa mna kaunta zinazohesabu mizunguko na amri zilizotekelezwa, lakini kila ukoo una namna yake ya kuzipanga. Programu ya kupimia kama perf ya Linux isipoutambua ukoo, haijui kaunta izisome vipi.

Hapo ndipo nilipokwama nilipoitwa na chama kimoja cha kuweka na kukopa. Ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa inachukua dakika 40, na mweka hazina alikuwa ameshika karatasi ya bei ya seva kubwa zaidi. "Mwanangu," akaniambia, "hizi ni hela za wanachama. Tuchukue, tusichukue?" Sikutaka kumjibu mama yule kwa kubahatisha.

Nikaendesha perf. Kwenye mstari wa mizunguko, badala ya namba, ikaniambia haiwezekani. Nikasoma ujumbe wa kiini cha Linux kwa dmesg, nikakuta kinalalamikia prosesa ya Netburst, modeli ya 6. Netburst! Huo si ndio ukoo wa Pentium 4, iliyotoka mwaka 2000? Nikafungua /proc/cpuinfo, na pale penye jina pameandikwa "Common KVM processor". Yaani unamuuliza mtu jina, anakujibu, "Mimi? Mtu tu."

Hakukuwa na hila. Seva ile ya kukodi ilikuwa mashine pepe, na tabaka lililo chini yake ndilo linaloamua CPUID ijibu nini. Jina hilo la jumla huwekwa makusudi, ili mashine pepe ihamishwe kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kuona tofauti. Gharama yake ni kwamba kaunta hazionekani. Dawa ipo: tabaka la chini liagizwe kuonyesha prosesa halisi pamoja na kaunta zake. Ila ufunguo wa kuagiza hivyo anao mwenye nyumba, na sisi tulikuwa wapangaji.

Basi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asiyetaja kwao tutamjulia shambani. Perf ina kipimo kingine, cpu-clock, kinachotumia saa ya kiini na hakihitaji kaunta za prosesa. Kila baada ya kitambo kidogo huichungulia programu na kuandika imeikuta ikifanya nini. Hakisemi mizunguko mingapi imetumika, lakini kinaonyesha muda unakwenda wapi.

Muda ulikuwa unakwenda kwenye tarehe. Kwa kila mwanachama, programu ilikuwa inazisoma upya tarehe za malipo ya chama kizima. Tukazisoma mara moja tu, tukazihifadhi. Ripoti ikatoka kwa dakika 3. Mama akaikunja ile karatasi ya bei, akaitia mkobani bila neno.

Tangu hapo, nikisikia eti mashine "imezidiwa", nauliza kwanza ni nani aliyeipima, na alipima nini. Mara nyingi hakuna aliyepima. Kuna karatasi ya bei tu, na hela za watu ambao hawamo chumbani.