Mheshimiwa na nyama ya kusaga

Msomaji, kama umewahi kuishi na mtu anayechagua chakula, utanielewa. Wangu alikuwa anaishi sebuleni, ndani ya kioo.

Mume wangu ni mtu wa Kigoma. Tulipooana alikuja na tangi lenye samaki mmoja mdogo, mweusi, mwenye madoa meupe kama nyota. Wataalamu wanamwita Tropheus duboisi, jina alilopewa mwaka 1959, na kwao ni Ziwa Tanganyika tu, kwenye mawe. Akikua madoa yanapotea, kichwa kinageuka bluu na mkanda mpauko unamzunguka mwilini. Sisi tulimwita Mheshimiwa, kwa maringo yake.

Mwaka mmoja baada ya harusi, mume akahamishiwa Mwanza kwa miezi sita. Nikaachiwa kopo la chakula cha kijani na maagizo: asubuhi kidogo, jioni kidogo, kiishe ndani ya dakika mbili. Basi bwana, Mheshimiwa akakitia mdomoni, akakitema. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaona huyu atanifia mikononi. Nikafungua friji, nikamega nyama ya kusaga kama punje ya mchele. Jamani! Nusura aruke nje ya tangi.

Ikawa ndiyo mtindo wetu. Nikitoka kazini nimechoka, nyumba kimya, ananikimbilia kwenye kioo na kujitingisha mwili mzima. Nani angemnyima?

Wiki ya nne tumbo lilivimba. Kinyesi kikawa cheupe, chembamba kama uzi. Akajibanza kwenye kona anahema, na hata nyama hataki. Usiku ule mume akapiga simu.

"Mheshimiwa anakula chakula chake?"

"Anakula," nikamjibu. Sijui kwa nini nilidanganya. Kwa samaki!

Kesho yake saa ya chakula cha mchana nikamfuata kijana anayeuza samaki wa mapambo. Akanitazama kwa huruma. "Dada, huyo kazi yake ni kukwangua mwani kwenye mawe. Utumbo wake mrefu, umezoea majani. Mafuta ya ng'ombe utumbo huo hauyawezi." Akaniambia pia ukweli: wengi wakishavimba hawaponi. Nikapewa dawa ya kuweka kwenye maji, nikaambiwa nisimlishe kitu kwa siku kadhaa na nibadilishe sehemu ya maji mara kwa mara.

Nililala sebuleni siku mbili. Ofisini nikasema nina malaria.

Uvimbe ukashuka polepole. Shida ikarudi palepale: ale nini? Njegere za kuchemsha, zimemenywa na kupondwa, akatema. Mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto akaupa mgongo. Kile chakula cha kopo, ambacho kimetengenezwa kwa spirulina, mwani uleule wanaoula heroe wa Ziwa Natron, hakukitazama hata kidogo.

Kilichomshinda ni jiwe. Yule kijana alikuwa amenifundisha kuweka mawe safi kwenye beseni la maji juani, barazani. Baada ya wiki mbili hivi yakaota ukijani. Nikatumbukiza moja. Mheshimiwa akalizunguka, akalizunguka tena, kisha akaanza kukwangua: kwa, kwa, kwa. Nililia, sikufichi. Baadaye nikawa nalowesha chakula cha kopo na kukipaka kwenye jiwe. Akala bila kujua, akazoea.

Jumapili ile nikampigia mume na kumweleza yote: nyama, ugonjwa, uongo. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Mke wangu," akasema, "mimi nilikuwa nampa mshikaki kila Jumamosi."

Nikakata simu. Nilimpigia tena baada ya robo saa, nilipomaliza kubadilisha jiwe.